Nimerithi Seiko 5 ya babu, siku zake zimeandikwa Kiarabu. Nitajuaje ni ya mwaka gani na niitunzeje?

Mjukuu_wa_Wete

Assalaam alaikum wakuu, na wengine habari za jioni. Babu yetu alifariki mwaka juzi kule Wete, Allah amrehemu, na juzi kati nilipokwenda Pemba shangazi akanifungulia kasha lake la vitu vidogo vidogo, mna tasbihi, redio isiyo na mfuniko wa betri, miwani miwili ya kusomea yenye mguu mmoja mmoja, na saa yake ya mkono. Akanambia hii chukua wewe maana wewe ndo ulikuwa ukiilalia masikioni ukiwa mdogo. Hakuna aliyeigombea kusema kweli.

Sasa mie sina utaalamu wowote wa saa, nimezoea kuangalia muda kwenye simu. Saa yenyewe ni ya chuma, uso wake ulikuwa buluu ila pembeni umeshageuka kama zambarau, imeandikwa SEIKO na chini yake kuna 5 ndani ya kingao kidogo. Upande wa kulia kuna kidirisha kina tarehe na siku, siku imeandikwa KIARABU. Kifunguo cha pembeni hakipo katikati kama saa nyingine, kiko chini kidogo usawa wa 4, na ni kidogo mpaka kucha inateleza. Kioo kimechunika hadi kama kina ukungu. Mgongoni maandishi yameliwa na jasho, ninachokiona ni namba ya tarakimu sita inaanza na 83, halafu chini yake 7009-8 na kilichobaki kimefutika. Mkanda wa chuma haupo, babu aliweka wa ngozi na ule nao umepasuka akaufunga uzi wa kushonea nyavu.

Nikiitikisa inatembea, inakaa kama masaa matano hivi inalala. Na ikitembea tarehe inabadilika saa 6 MCHANA, sio usiku. Nimeipeleka kwa jamaa mmoja hapa mtaani Dar akanambia iache, aing'arishe yote, apake uso rangi mpya, itoke kama ya dukani. Roho imesita nikaondoka nayo.

Naomba kujua, ni orijino? Ni ya mwaka gani? Inatengenezeka? Siuzi, nataka niivae.

pwagu77

Elfu thelathini naichukua hivyo hivyo ilivyo, usihangaike na mafundi

Mjukuu_wa_Wete

Nimesema siuzi kaka 😅

Mtu_wa_Stoo

Mkuu pole kwa msiba ila hiyo ni feki. Seiko ya Mjapani inaandikwaje Kiarabu? Hizo ndo zile za Dubai za kwenye meza, unauziwa tano kwa bei ya moja. Kumbukumbu ya babu weka kabatini usipoteze hela kwa fundi.

Chizi_Saa

Wewe wa Stoo tulia, usimvunje mtu moyo kwa kitu usichokijua. Seiko walikuwa wanatengeneza kisahani cha siku kwa lugha mbili mbili kutegemea saa inapelekwa soko gani. Kuna Kiingereza na Kihispania, kuna Kiingereza na Kifaransa, na kwa nchi za Kiarabu kuna Kiingereza na Kiarabu. Kile kisahani kina nafasi 14, siku saba mara lugha mbili. Kwa hiyo Kiarabu hakiifanyi feki, kinakwambia tu kwamba saa ilipangiwa kuuzwa Ghuba au kwengineko wanakosoma Kiarabu. Swali la kumuuliza shangazi ni hili, babu aliipata wapi?

Mjukuu, nitakwenda moja moja ila nitaandika ndefu maana hii ndo mada yangu, wasiopenda saa wapite.

Jina kwanza. Seiko 5 zilianza 1963, na ile 5 maana yake ni mambo matano waliyoahidi kwenye kila saa: inajipiga ufunguo yenyewe ukiivaa, siku na tarehe ziko kwenye kidirisha kimoja, haiogopi maji (ya wakati ule, tutafika huko), kifunguo kimefichwa pale kwenye 4 kwa sababu hukihitaji kila siku, na gamba na mkanda wake ni wa kudumu. Ndo maana kucha yako inateleza, hakikutengenezwa kushikwashikwa. Na hata ukikizungusha kutwa, mashine ya 7009 haipigi ufunguo kwa mkono, inajazwa na kile kisahani kizito kilichomo ndani kinachozunguka mkono ukitembea. Kinajaza kikienda kulia na kikirudi kushoto vile vile, huo mtambo wao wameubuni tangu 1959 na mpaka leo wanautumia.

Namba za mgongoni. 7009 ndo jina la mashine, ile 8 na vilivyofutika ni jina la gamba. Usihuzunike sana kwa vilivyofutika, cha maana kimebaki. Chukua kioo cha kukuzia au kamera ya simu, angalia chini kabisa ya uso wa saa, pembeni ya 6, kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Mle kuna namba nyingine. Ikianza na 7009 ujue uso na gamba ni ndugu. Ikianza na namba nyingine ujue kuna mtu alishawahi kuungaunga.

Ile ya tarakimu sita ndo tarehe ya kuzaliwa. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, nne za mwisho ni namba ya foleni kiwandani. Mwezi wa kumi unaandikwa kama sifuri, wa kumi na moja N, wa kumi na mbili D. Yako inaanza 83, kwa hiyo ni Machi ya mwaka unaoishia na 8. Tatizo hawaandiki muongo. 1968 haiwezekani, mashine hii haikuwepo. Inabaki 1978 au 1988. Hapo ndo inabidi uwe mpelelezi, tafuta picha za zamani, mkono wa babu, harusi, kitambulisho, chochote chenye tarehe.

Kuhusu tarehe kubadilika saa 6 mchana hiyo wala sio ugonjwa. Saa haijui mchana na usiku, inahesabu mizunguko miwili tu. Zungusha mishale mbele masaa 12, basi. ILA usiguse kubadilisha siku na tarehe kwa kile kifunguo kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, maana muda huo meno ya ndani yameshashikana yanasukuma tarehe, ukilazimisha unavunja jino la plastiki halafu unakuja hapa kulia. Kwanza peleka mishale chini, weka kwenye 6, hapo ni salama siku zote, ndo ubadilishe.

Na lingine kabla sijasahau. Ukiamka usiku wa manane ukaona siku iko nusu Kiingereza nusu Kiarabu usistuke. Inapita kwenye lugha moja kwanza halafu inaruka ya pili, inachukua masaa kadhaa.

Mwisho, huyo aliyetaka kupaka uso rangi MUNGU AKUEPUSHE NAYE. Ile buluu iliyogeuka zambarau haipatikani dukani.

Mtu_wa_Stoo

Sawa mkuu nimejifunza, nimefuta kauli

Likoni_Original

Bwana wee hapo kwa kupaka rangi umenigusa donda. Mimi niko Mombasa. Mzee wetu alikuwa na saa ya ufunguo, Roamer, ya Uswisi, alikuwa akiitia ufunguo kila asubuhi akimaliza chai, mizunguko ishirini hesabu kwa sauti. Alipofariki nikaipeleka kwa fundi, simtaji, nikamwambia tu fanya iwe safi. Wallahi nimerudi baada ya wiki nimepewa saa nyeupe pee, maandishi yamepakwa upya, jina la saa limeandikwa herufi zimelala upande kama mtu amelewa, na zile kingo za gamba zilizokuwa kali kama wembe amezisugua kwa mashine mpaka zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Ule uso wa zamani nikamuuliza uko wapi akaniambia nimesafisha. Yaani amesafisha kweli. Mamangu alipoiona akaniuliza hii ya nani.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi sema kwa mdomo wako: usiguse uso, usiguse mishale, usisugue gamba. Andika kwa karatasi kama ni lazima.

Kitu kimoja lakini nilifanya mwenyewe kikafaulu, kioo. Ya mzee ilikuwa kioo cha plastiki, nikachukua dawa ya meno na kitambaa laini nikasugua nusu saa, mikwaruzo ikatoka. Jaribu.

Chizi_Saa

@Likoni_Original pole sana aisee. Ila dawa ya meno itakwama kwa huyu. Seiko za rika hili kioo chake ni cha madini, kigumu, dawa ya meno haikikwaruzi wala haikisaidii. Kujua tofauti gonga kioo kwenye meno yako ya mbele taratibu. Cha madini kinalia tiki na ni cha baridi, plastiki inalia kama kifungo cha shati. Kwa cha madini dawa ni kubadilisha kioo, na hicho usione dhambi kukibadilisha, kioo ni kama tairi.

Halafu ile ya mzee wako, kama ni ya miaka ya hamsini na namba zake zilikuwa zinawaka gizani, ile rangi ya kijani iliyogeuka kahawia, huenda ni radiamu, madini yenye mionzi. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 60 zilipakwa hiyo. Kuwaka ilishaacha zamani lakini radiamu yenyewe inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Kuvaa sio shida sana, shida ni kuifungua na kuikwangua, vumbi lake ukilivuta. Huyo fundi wako aliyesafisha bila kujua amejisafisha mapafu pia. Za baadaye za Uswisi utaona chini kumeandikwa T SWISS T, hiyo ni tritiamu, nafuu zaidi.

Likoni_Original

Subhanallah. Zilikuwa zinawaka.

BintiMaskati

Salaam kutoka Maskati. Nimesoma swali nikacheka peke yangu kwa sababu Seiko 5 ya Kiarabu nyumbani kwetu tunazo tatu. Wazee wetu wengi walitoka Unguja na Pemba wakaja huku baada ya 1970, alipoingia Sultani Qaboos akawafungulia mlango, na mtu akishapata kazi kitu cha kwanza kumpelekea kaka aliyebaki kule ni saa na kitambaa cha kanzu. Babangu anasema saa ilikuwa zawadi nzuri kwa sababu unaivaa mkononi unapita nayo, haichukui nafasi kwenye sanduku. Muulize shangazi kama babu alikuwa na ndugu huku.

Na mishale yake babu alikuwa anaiweka vipi? Nauliza kwa sababu babu yangu mimi, mpaka anakufa, saa yake haikuwahi kufuata saa ya serikali.

Mjukuu_wa_Wete

Jamani nimestuka. Nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema saa aliletewa na mdogo wake, ami yetu ambaye mie sijamuona kwa macho, aliyekwenda Maskati, na alikuja mara moja tu kutembea. Mwaka haukumbuki, anasema "karafuu ilikuwa nyingi mwaka ule", sasa hiyo sijui itanisaidia nini.

Na kuhusu mishale, anasema babu alikuwa anaiweka ya Kiswahili. Yaani jua likizama mishale yote miwili iko juu kwenye 12. Na anasema, nanukuu, "tarehe yake ikigeuka na adhana ya magharibi, babako alikuwa akisema saa hii imesilimu."

Nimebaki nimekaa.

BintiMaskati

Ndo hiyo! Sasa fikiria vizuri. Saa inageuza tarehe mishale ikikutana kwenye 12 ya pili. Ukiiweka saa ya serikali inageuza usiku wa manane. Ukiiweka ya Kiswahili, 12 yake ni magharibi, kwa hiyo siku inageuka magharibi. Na kwetu siku inaanza magharibi. Alhamisi jua likizama tunasema usiku wa Ijumaa, na kidirisha cha babu kinasoma Ijumaa, kwa Kiarabu. Mjapani hakukusudia hata kidogo lakini saa yake ilikuwa inakwenda na wazee wetu kuliko kalenda ya ukutani.

Chizi_Saa

Nina miaka kumi na tano kwenye haya mambo na hili sikuwahi kulifikiria. Heshima kwako dada.

Ila nirekebishe pale juu basi, maana kuna mtu atavunja meno. Ile kanuni ya saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri ni kwa saa iliyowekwa ya serikali, mishale inasoma 9 mpaka 4. Mkiiweka ya Kiswahili muda wa hatari unahamia saa 9 alasiri mpaka saa 4 usiku. Ndo maana nikasema njia ya salama ni kushusha mishale kwenye 6 kwanza. Hakikisha tu ni ile 6 ambayo ukiendelea mbele kupita 12 tarehe haigeuki.

pwagu77

Elfu hamsini

Fundi_Mstaafu

Wanangu hamjambo. Naandika kwa simu ya mjukuu mnisamehe herufi. Nimekaa kwenye kibanda cha kioo chini ya ngazi miaka thelathini na zaidi, Seiko 5 nimezifungua hata hesabu sina. Niseme kuhusu huo ugonjwa wa kulala baada ya masaa matano kwa sababu naona mmeongea tarehe na historia mmeacha mgonjwa.

Saa hiyo ikijaa sawasawa inatakiwa itembee zaidi ya masaa arobaini ukiivua. Kwanza uhakikishe kweli imejaa. Wewe unaitikisa kidogo ukiwa umekaa, ile haitoshi, unakuwa umeionjesha tu. Ivae kutwa nzima ukiwa kwenye shughuli, jioni uivue uandike saa ngapi, uone inalala saa ngapi. Ikilala alfajiri ujue ndani mafuta yamekauka. Mafuta ya saa yakizeeka yanakuwa kama gundi, tena na huko pwani kwenye joto na chumvi ni mapema zaidi. Na saa kavu ukiendelea kuitembeza inajikula, zile ncha nyembamba za magurudumu zinasagika. Kwa hiyo ukishafanya jaribio hilo moja, basi, iache ilale mpaka ifike kwa fundi. Kuitikisa kila siku kwa kuifurahia ni kuiumiza.

Sasa fundi yupi. Muulize swali moja tu, utaisafishaje. Akikwambia naichovya mashine kwenye petroli naipuliza naitia tone la mafuta ya cherehani, mwambie asante nitarudi, usirudi. Itatembea vizuri miezi mitatu halafu itakufa vibaya. Fundi anafungua kila kipande, anaosha mbali mbali, anatazama spring, anatia mafuta ya saa, tena sio aina moja, sehemu nyingine nzito nyingine nyepesi, na kidogo sana, kwa ncha ya sindano. Akiifungua mbele yako sogea uangalie, kwenye ile mashine pameandikwa 7009A na JEWELS 17. Ukiona hivyo hujaibiwa. Spea zake zipo, Seiko hizi zilijaa dunia nzima, fundi mwenye akili ana kopo la maiti zake.

Mpira wa mgongoni lazima ubadilishwe. Ule ndio unaozuia maji, na ule wa babu sasa hivi umekuwa kama lami. Nimeona saa nyingi za wazee wa Kiislamu zimekufa kwa udhu, mara tano kwa siku maji yanapita pale kwenye kifunguo, kidogo kidogo, hata wewe mwenyewe huoni, mpaka siku moja kioo kina mvuke kwa ndani. Vua ukitawadha. Hata kama mgongoni pameandikwa haiingii maji, hayo maandishi yalikuwa kweli siku ya kununuliwa.

Ukiona mvuke usiiweke kwenye mchele, mchele una vumbi lake. Ipeleke ifunguliwe siku hiyo hiyo. Kama huwezi, iweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya.

Baada ya kutengenezwa usitegemee iwe kama simu. Ikienda mbele au ikibaki nyuma sekunde ishirini thelathini kwa siku ni mzima kabisa. Ikianza ghafla kukimbia dakika nyingi kwa siku, imeingia sumaku, umeilaza juu ya spika au karibu na kava la simu lenye sumaku. Hiyo ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa.

Gamba mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kwenye kitambaa, baada ya mpira kubadilishwa sio kabla. Uchafu ule wa kijani kati ya gamba na mkanda utoe kwa kijiti cha meno. Mkanda mpya pima upana kwa rula, nyingi za rika hilo ni milimita 18 au 19, usikadirie kwa macho.

Likoni_Original

Mzee shikamoo. Ungekuwa Mombasa ile Roamer ingekuwa hai.

Fundi_Mstaafu

Marahaba. Gamba likishakuwa sabuni mimi pia sina dawa mwanangu. Ila mashine inaweza kuwa nzima, itie ufunguo uone.

Chizi_Saa

Mjukuu ukimpata fundi mwambie akifungua mgongo AKUITE uangalie ndani ya mfuniko. Mafundi wa zamani walikuwa wanakwangua alama kwa ncha, herufi zao na tarehe ya matengenezo, ili saa ikirudi na malalamiko wajue kama ni kazi yao. Unaweza kukuta kitu.

Fundi_Mstaafu

Kweli kabisa. Mimi nilikuwa naandika R na mwezi na mwaka. R ya ripea.

Mjukuu_wa_Wete

Mrejesho wakuu, samahani nimepotea wiki tatu.

Nimezunguka, fundi wa kwanza akanitajia petroli bila hata kuulizwa, nikamuaga kwa adabu. Wa pili ni mzee yuko Kariakoo ghorofani, ana taa ya mezani na kile kioo cha jichoni kimefungwa kwa waya wa shaba. Nikamwambia masharti yenu yote, uso usiguswe, gamba lisisuguliwe, akanitazama akasema "kwani nani alitaka kuligusa". Nikajua hapa nimefika.

Akafungua mgongo mbele yangu. 7009A ipo, JEWELS 17 ipo. Na ile namba ndogo chini ya uso niliipata kwa kamera ya simu, inaanza 7009 vile vile. Halafu akageuza mfuniko kwenye taa akaniita. Ndani kuna mikwaruzo myembamba, kwanza nilidhani ni uchakavu tu, akanambia soma. Kuna herufi mbili sikuzielewa, halafu 11/86.

Kwa hiyo kama 86 ilishatengenezwa haiwezi kuwa imezaliwa 88. Ni ya Machi 1978. Nilipomwambia shangazi akasema basi ndo hivyo, karafuu ilikuwa nyingi. Sijabishana.

Ndani mafuta yalikuwa yamekauka kama mlivyosema, na spring ilikuwa imechoka ikabadilishwa. Mpira mpya, kioo kipya. Kioo cha zamani nimekiomba nimekifunga kwenye karatasi, sijui kwa nini. Mkanda nimeweka wa ngozi milimita 18, ule wenye uzi wa nyavu nimeurudisha kwenye kasha. Sasa inatembea, nimeivua Ijumaa usiku imelala Jumapili mchana, na kwa siku inakwenda mbele sekunde kama 15.

Nimeiweka ya Kiswahili. Kazini jana mwenzangu wa meza ya pili kanishika mkono aangalie muda, akakuta saa 5, akadhani bado mapema akarudi kuchapa kazi. Ilikuwa saa 11 na basi la wafanyakazi limeshaondoka. Ananidai nauli.

pwagu77

Laki na nusu, mwisho wangu